Mlango Unaojibu

Nassibu alipiga simu wakati jua la Kariakoo linachoma lami ya Mtaa wa Msimbazi mpaka viatu vinanata.

"Dada Ummy, huko king'ora kimelia?"

"Kilie kwa nini?"

"Wee! Huku Pugu mvua inamwagika tangu asubuhi. Maji yamepita alama nyekundu ya darajani, yameipita zamani. Mimi nilijua kimeshalia, watu wameshatoka."

Ummy alikuwa anapitisha kitambulisho cha mteja kwenye mashine ya moto ya kukivika plastiki. Mkono ukasimama. Kitambulisho kikaungua pembeni, mteja akaguta, na Ummy hakumsikia. Alikuwa anaitazama modemu iliyochomekwa kwenye laptop ya dukani. Taa yake ilikuwa ya kijani.

"Nassibu, una uhakika ni alama nyekundu?"

"Dada, mimi ni fundi baiskeli, nakaa hapa darajani siku nzima. Hata hiyo alama sasa hivi siioni. Imemezwa."

Duka la Ummy lilikuwa ghorofa ya kwanza, chumba kimoja cha kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti. Ndicho chumba ambacho kamati ya bondeni ilikichagua kuweka mtambo wao, kwa sababu kilikuwa na umeme na maji ya Mto Msimbazi hayawezi kukifikia. Mtambo wenyewe aliutengeneza kaka yake, Abdulhamid, baada ya mafuriko yaliyochukua nyumba za jirani zao. Darajani kule Pugu kulikuwa na kipimo. Maji yakifika alama nyekundu, kipimo kinatuma meseji. Modemu dukani kwa Ummy inaipokea, programu ndani ya kompyuta inaisoma, kisha inatuma amri kwa king'ora kilichofungwa juu ya nguzo kule bondeni. King'ora hicho kilitii namba moja tu duniani, namba ya laini iliyokuwa ndani ya modemu ile. Abdulhamid alifanya hivyo makusudi, ili asitokee mhuni wa kuwachezea watu.

Mvua mbili zilizopita kililia, watu wakatoka na magodoro yao, maji yakaja yakakuta nyumba tupu. Tangu hapo bonde zima lilikiamini king'ora kuliko mawingu. Mzee Elimringi, mlinzi wa usiku aliyekuwa akilala mchana kwenye safu ya nyumba za chini kabisa karibu na mto, alikuwa na msemo wake: "Mimi nawalinda wenzangu usiku, kile chuma kinanilinda mimi mchana." Na kweli, tangu kifungwe, alianza kulala amefunga mlango.

Wiki ile umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo, kompyuta ya mezani ya Abdulhamid ikatoa moshi. Ummy aliihamishia programu kwenye laptop yake ya dukani, iliyotumia mfumo wa Linux kama ile ya kwanza. Akachomeka modemu, taa ya kijani ikawaka, akashukuru Mungu, akaendelea na kazi zake. Hakujaribu. Alisema atajaribu siku wateja wakipungua.

Sasa alifungua dirisha la programu na kukuta mstari mmoja unajirudia kutoka juu hadi chini, tangu siku aliyoiwasha: *hakuna jibu, hakuna jibu, hakuna jibu.*

"Jamani nisameheni, nimefunga," aliwaambia wateja. Mmoja akaanza kulalamika kuhusu picha zake. "Nimefunga!" Ummy alipiga kelele, na sauti yake mwenyewe ikamshtua.

Kwanza alimpigia Abdulhamid huko Muscat. Simu ililia mpaka ikakatika. Alijua. Kule kiwandani simu zinaachwa getini, na kaka yake hatoki mpaka jioni. Akamwachia sauti: "Kaka, modemu haijibu, maji yanakuja, nifanye nini?" Kisha akachomoa laini kutoka kwenye modemu na kuitia kwenye simu yake. Aliomba Mungu huku akijua atakachokiona. Simu ilitafuta mtandao, ikatafuta, ikaandika kwamba laini haikubaliki. Kampuni iliyotoa laini ile kwa msaada iliifungia isifanye kazi kwenye kifaa kingine chochote, baada ya mpwa wa mwenyekiti wa zamani kuichukua na kutazamia mpira msimu mzima. Siku ile walicheka. Ummy aliirudisha laini ndani ya modemu, vidole vikiteleza kwa jasho.

Akachungulia dirishani. Eliasi alikuwa palepale anapopanga viatu vya mtumba, chini ya mwavuli. Eliasi alikuwa katibu wa kamati, mtu wa Masasi, na mkewe Angelina alikuwa amejifungua juzijuzi tu.

"Eliasi! Panda juu! Acha viatu!"

Alipanda ngazi mbili mbili. Ummy alimweleza kwa maneno machache, na aliona damu ikihama usoni mwake.

"Angelina simu yake imezima," alisema. "Bondeni hakuna umeme tangu jana."

"Basi nenda. Chukua bodaboda. Waambie wote watoke. Nenda msikitini waseme kwenye kipaza."

"Kipaza kitasemaje bila umeme, dada?"

"Basi piga kelele! Piga sufuria! Na Eliasi, nakuomba, pita kwa mama mdogo. Miguu yake unaijua."

Eliasi alikuwa ameshafika nusu ya ngazi. "Na wewe?"

"Mimi nakiliza king'ora."

Alisema hivyo kwa sababu hakukuwa na jambo lingine la kusema.

Akampigia mama yake mdogo, Bi Zulekha, aliyemlea tangu mama yake mzazi afariki. Bi Zulekha alikuwa na simu ya kitochi inayokaa na chaji wiki nzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona unahema?"

"Mama, toka nje. Maji yanakuja. Mwite mtu akushike mkono, mpande barabarani sasa hivi."

"Maji gani, na jua hili? Nimeanika mchele hapa."

"Mvua imenyesha Pugu. Mama, nakuapia."

"Mbona king'ora hakijalia?"

Ummy alifumba macho. "Kimeharibika, mama."

"Haya, mwanangu, kikipona kitalia," alisema Bi Zulekha kwa upole, kama anayembembeleza mtoto aliyeota vibaya. "Ngoja nigeuze mchele."

Simu ikakatika. Ummy alivuta kiti mbele ya laptop.

Abdulhamid aliwahi kumweleza, siku alipokuwa anafunga mtambo, na yeye akasikiliza nusu nusu huku akihudumia wateja. Modemu unaiona kitu kimoja, alisema, lakini kompyuta inaiona kama nyumba yenye milango minne. Kila mlango una mtu wake na lugha yake. Mmoja wa kupitisha intaneti. Mmoja wa mafundi wa kiwandani, unaongea lugha ya mashine ambayo binadamu haisomi. Mmoja wa satelaiti, unataja tu mahali ulipo wala hausikilizi mtu. Na mmoja ndio wa amri. Huo ukiuandikia herufi mbili, A na T, unakujibu OK. Mlango huo ndio unaosoma meseji na kutuma meseji. Programu lazima igonge huo, ikigonga mwingine itasubiri mpaka kiama.

Kwenye kompyuta iliyoungua, mlango wa amri ulikuwa namba mbili. Milango ilihesabiwa kuanzia sifuri: ttyUSB0, ttyUSB1, na kuendelea. Ummy aliitaka laptop imwonyeshe milango yote. Alitegemea minne, akaona mitano.

Alianza na sifuri. Akaandika AT, akabonyeza. Kimya. Akaandika tena. Nyuma yake kitu kikakoroma, akaruka. Mashine ndogo ya risiti, ile anayowachapishia wateja, ilikuwa inatoa ulimi wa karatasi. Aliivuta akasoma: AT. AT.

Alibaki ameishika ile karatasi. Kisha akaelewa. Mashine ya risiti ilikuwa imeunganishwa na laptop kabla ya modemu, ikachukua namba sifuri, ikazisukuma namba zote za modemu mbele. Siku zote hizi programu ilikuwa inagonga mlango namba mbili, na namba mbili hakuwa tena yule wa zamani.

"Tatu," alijiambia. "Ni tatu sasa. Ya Rabbi, iwe tatu."

Aliandika AT kwenye mlango namba tatu. Hakuna. Akarudia. Ikatokea herufi moja, O, kisha ikakaa. Akasubiri herufi ya pili. Haikuja. Akarudia tena, ikaja K peke yake, mstari wa chini. Mara ya nne hakikuja kitu kabisa.

Simu ikalia. Alikuwa Eliasi, na nyuma yake watoto walikuwa wanacheka.

"Dada, hawatoki! Nimefika hapa napiga kelele kama kichaa, wananiambia king'ora hakijalia. Kuna mama ananiuliza nimekunywa nini!"

"Maji yakoje?"

"Mto umebadilika rangi. Umekuwa kahawia na una povu. Kina bado kidogo. Naenda kumtoa Angelina. Kiliza hicho kitu, dada! Nakuomba kwa Mungu wako na wangu, kiliza!"

Ummy aliuacha mlango namba tatu, akidhani umeharibika au siyo wenyewe. Akagonga namba moja. Ikamtemea alama za ajabu, viboksi na mawimbi na maswali, mistari na mistari. Hao ni mafundi wa kiwandani, akafunga haraka kabla hajaharibu kitu. Akagonga namba mbili, kimya. Namba nne, kimya. Akarudi tatu, ikampa O. Akaipiga meza kwa ngumi.

Kisha alifanya jambo ambalo hata yeye hakulifikiria. Aliichomoa modemu, akaipuliza kama watu wanavyopuliza betri, akaichomeka tena. Taa ikawaka nyekundu, ikakaa nyekundu kwa muda mrefu, halafu ikarudi kijani. Alipoomba orodha ya milango, namba zilikuwa zimeruka. Sifuri, moja, mbili, nne, tano. Tatu haikuwepo. Dirisha alilogongea mlango namba tatu lilikuwa bado limeushikilia ule wa zamani, na laptop ikaziruka namba kumkwepa maiti.

Hapo ndipo alipolia. Hakulia kwa sauti; machozi yalishuka tu huku macho yakitazama zile namba. Nje, kipaza cha muuza vyombo kilikuwa kinaimba bei za sahani, na mwingine akimjibu na bei za mashuka. Muadhini wa msikiti wa jirani akaadhini alasiri juu ya makelele yote yale. Ummy alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. Alijiambia: namba zimenidanganya mara mbili. Sizitaki tena. Nitamuuliza kila mmoja yeye ni nani, na nitamsikiliza anavyojibu.

Akafunga madirisha yote, akaanza upya, polepole. Namba moja, alama za ajabu: fundi wa kiwandani. Namba mbili, hakuandika kitu, alisikiliza tu. Baada ya muda mstari ulipita ulioanza na alama ya dola na herufi GP, na koma nyingi zisizo na kitu katikati. Huyo wa satelaiti, haoni mbingu kwa sababu yuko chini ya bati. Namba tano, kimya, hata akimwandikia. Pengine ndiyo intaneti. Namba nne akaandika AT.

K.

Akaandika tena.

O.

Alizitazama zile herufi mbili, kila moja na mstari wake. Zilikuwa zinakuja. Kila jibu lilikuwa linatoka kamili, OK, na nusu yake ilikuwa inapotea njiani. Jibu halipotei hewani. Kama anakula mtu nusu ya chakula changu, Ummy aliwaza, basi kuna mtu mwingine amekaa kwenye sahani hii.

Akaomba laptop imtajie kila programu inayofanya kazi ndani yake. Orodha ilikuwa ndefu, na majina mengi hakuyajua. Aliipitisha mara ya kwanza haraka mno, akairudia. Katikati akaliona jina lenye neno modemu ndani yake. Ilikuwa ni huduma inayokuja na Linux yenyewe, inayojiwasha bila kuombwa, na kila modemu ikichomekwa inakimbilia kuipapasa milango, kuiuliza maswali, na kusoma majibu. Sasa akakumbuka Abdulhamid akisema, huku ana bisibisi mdomoni, "Huyu mbea nimemtoa." Ummy alidhani anamsema jirani.

Akaiandikia amri ya kuizima. Laptop ikamtaka neno la siri. Akalikosea. Akalikosea tena. Mara ya tatu aliliandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Akarudi namba nne. AT.

OK.

Akaandika tena, kuhakikisha. OK. Akaandika tena. OK.

Alifungua mipangilio ya programu, akafuta mbili, akaandika nne, akaiwasha. Kwa mara ya kwanza tangu ahamishe mtambo, programu haikusema hakuna jibu. Ilisema inasoma meseji. Ikaanza kuzitoa zilizokuwa zimelala tumboni mwa modemu, moja baada ya nyingine, na zote zilitoka kwenye kipimo cha Pugu. *Alama nyekundu. Alama nyekundu. Juu ya alama nyekundu.* Ya kwanza ilikuwa imeingia kabla ya adhuhuri. Ilifika dukani wakati Ummy yupo hapohapo, anapiga picha, anatoa kopi, na taa ya kijani inamwangalia.

Hakuwa na nafasi ya kuliwaza hilo. Mstari mpya ulitokea: *Amri imetumwa.* Kisha, baada ya kimya ambacho Ummy alikiona kama mwaka, jibu kutoka kwenye nguzo ya bondeni: *Kimewaka.*

Alikimbilia dirishani na kutoa kichwa chote nje. Bonde halikuwa mbali, usiku uliotulia angekisikia. Lakini Kariakoo ilikuwa inauza. Sahani, mashuka, pasi, honi za bajaji, wapagazi wanapiga miluzi. Hakusikia kitu. Akampigia Bi Zulekha. Kabla hajasema neno alisikia, ndani ya simu, kilio kile kirefu kinachopanda na kushuka, na sauti ya mama yake mdogo juu yake:

"Kinalia, Ummy! Kinalia! Wallahi watu wanakimbia!"

"Toka, mama! Acha mchele!"

"Natoka, natoka. Fimbo yangu—"

Simu ikaanguka au ikakatwa.

Ummy aliacha duka wazi, akashuka. Alikimbia mpaka akakosa pumzi, akapanda bodaboda, akashushwa barabarani juu ya bonde kwa sababu dereva alikataa kwenda mbele. Watu walikuwa wanapanda mteremko kama siafu waliomwagiwa maji, wamebeba televisheni, ndoo, vitoto, kuku. Jua lilikuwa linawaka vilevile. Na chini yao, bila tone moja la mvua, maji yalikuwa yanaingia kati ya nyumba, mazito na kahawia, yamebeba magogo, matairi, na mlango mzima wa mtu. King'ora kilikuwa kinalia bado. Pale alipokuwa, kilitoboa masikio.

Akamwona Angelina amekaa kwenye tofali, kichanga kifuani, khanga imelowa. Alimshika bega.

"Eliasi yuko wapi?"

"Alinitoa akarudi," Angelina alisema. Meno yalikuwa yanagongana ingawa hakukuwa na baridi. "Alisema ulimwambia apite kwa Bi Zulekha."

Ummy alimpigia Eliasi. Haipatikani. Akampigia Bi Zulekha. Haipatikani. Akapiga tena, na tena, na Angelina akawa anamtazama mdomo bila kuuliza. Ummy hakuweza kuyaangalia macho yale. Alikuwa amemtuma mume wa mtu, baba wa mtoto asiyejua hata kushika kichwa, arudi ndani ya maji yale kwa ajili ya mama yake. Akatelemka mpaka maji yalipomfika magotini, akaita, vijana wawili wakamshika mikono wakamrudisha.

Jua lilikuwa limeanza kulegea pale mtu mmoja alipoelekeza kidole. Juu ya bati la shule ya chekechea, watu walikuwa wamekaa wamebanana, na kati yao mwanamume aliyevua shati alikuwa amempakata mwanamke mzee kama anavyopakatwa mtoto. Angelina alimtambua kwa mgongo tu. Alitoa sauti ambayo Ummy hakuwahi kuisikia kwa mtu, nusu kicheko. Vijana walipeleka kamba, na boya la matenki matupu ya maji, wakawavusha mmoja mmoja. Bi Zulekha aliletwa wa tatu, hana viatu, hana mtandio, fimbo bado ameing'ang'ania.

"Huyu mtoto wa Kimakua," alisema akimwonyesha Eliasi, "amenibeba kama gunia la mkaa na kunitukana njia nzima."

Eliasi alitapika maji, akakaa chini, akaomba apewe mwanawe.

Jioni Abdulhamid akapiga. Ummy alimsimulia yote amesimama barabarani, na kaka yake akasikiliza bila kumkatiza.

"Ile taa ya kijani inasema modemu ina mtandao," alisema mwishowe. "Haisemi kama kuna anayeisikiliza. Ilinipasa nikuambie. Ilinipasa niiandike milango kwa majina badala ya namba, nilijua namba zinahama. Nilisema nitafanya nikija likizo."

"Hukukosea wewe."

"Wala sisemi umekosea wewe. Wote wametoka?"

"Wanasema wote," Ummy alijibu.

Lakini siyo wote. Maji yalipopungua asubuhi, wakamkuta Mzee Elimringi kwenye safu ya chini, nyuma ya mlango aliokuwa ameufunga kwa komeo. Safu ile maji yaliifikia kwanza, kabla king'ora hakijawaka. Alikuwa amevaa sare yake ya ulinzi nusu, shati bila suruali, kama mtu aliyeamshwa ghafla na kushika kilicho karibu.

Msiba ulikaa kwa binti yake, Nice, aliyepanga Ilala. Mwili ulikuwa unasubiri usafiri wa kwenda Mwanga. Ummy alikwenda na Eliasi na wanakamati wengine, wakakaa kwenye mkeka na akina mama. Tayari alikuwa ameupa kila mlango jina, kwa maelekezo ya Abdulhamid, ili namba zikihamahama programu iufuate mlango wa amri popote ulipo. Tayari yule mbea alikuwa ametolewa kabisa ndani ya laptop. Na kamati ilikuwa imekubaliana kwamba kila Jumamosi asubuhi king'ora kilizwe, kero iwe kero.

Watu walimsifu. Mama mmoja alimbusu mkono, akasema bila yeye wangezikwa wengi. Nice alisikia. Alikuwa msichana mrefu, mwalimu wa sekondari, macho yamevimba. Alikuja akachuchumaa mbele ya Ummy.

"Dada, watu wanasema ulikiliza wewe."

"Ndiyo."

"Naomba uniambie kitu. Baba angekisikia, angetoka. Alikuwa na usingizi mwepesi. Kwa nini hakutoka?"

Eliasi alimgusa Ummy kiwiko, kidogo tu. Angeweza kusema maji yalikuwa na kasi. Lingekuwa kweli, na lingetosha, na hapana mtu pale ambaye angeuliza zaidi.

"Kilichelewa," Ummy alisema. "Onyo lilifika dukani kwangu kabla ya adhuhuri. Nilikuwa nimehamisha mtambo na sikuujaribu. Mpaka nimeupata mlango sahihi, alasiri ilikuwa imeshaadhiniwa. Kwa baba yako maji yalikuwa yameshafika."

Nice aliendelea kuchuchumaa palepale, akimtazama, na Ummy akajizuia kuinamisha uso.

"Kabla ya adhuhuri," Nice alirudia.

"Ndiyo."

"Alikuwa ametoka kula. Nilimpigia, akaniambia anaingia kulala." Alijipangusa pua kwa kiganja. "Asante kwa kuniambia."

Hakumsamehe wala hakumlaani. Aliinuka, kwa sababu gari lilikuwa limefika nje na watu walikuwa wanamwita aje aonyeshe vitu gani vipakiwe, akaenda. Ummy naye aliinuka, akajifunga khanga kiunoni, akajiunga na wanawake waliokuwa wanabeba masufuria kuyapeleka kwenye gari.